Dawa Kongwe kwa Maradhi Mengine

Katika mji wa Bordeaux, Ufaransa, alitibiwa mtoto mchanga aliyeota puani uvimbe mwekundu wa mishipa ya damu, na kwa kuwa steroidi alizopewa kwanza ziliuletea moyo wake unene uliozuia damu kupita, matabibu walimwandikia propranololi, dawa iliyojulikana tangu miaka ya 1960 kwa kutuliza mapigo ya moyo na kuteremsha shinikizo la damu. Kesho yake uvimbe ukageuka zambarau, ukalainika, nao hata steroidi zilipopunguzwa ukazidi kunywea. Daktari Christine Léauté-Labrèze na wenziwe walitangaza habari hiyo mwaka 2008; ilipofika 2014, Marekani na Ulaya zilikwisha kuiidhinisha dawa hiyo kwa uvimbe huo wa watoto.

Uvimbe ule si saratani, wala haifai kusadiki kwamba kilichouponya huu kitaiponya ile. Lakini saratani nazo hujiotesha mishipa ya kuzilisha, na chembe za baadhi yake huchochewa na adrenalini, ambayo propranololi huizuia isishike. Ndiyo sababu wataalamu wakaanza kudadisi.

Ajabu zaidi, kwa maoni yangu, ni habari ya losartani, kidonge cha shinikizo la damu kinachouzwa kila mahali. Saratani ya kongosho hujizungushia nyuzinyuzi ngumu zinazoibana mishipa ya damu hata dawa zisiufikie uvimbe vyema, na losartani, kwa kuzuia kazi ya anjiotensini, huzipunguza nyuzi hizo. Huko Boston, katika hospitali ya Massachusetts General, wagonjwa 49 ambao uvimbe wao ulikuwa umeizonga mishipa mikubwa walipewa losartani pamoja na dawa za saratani na mionzi, na mwaka 2019 ikaarifiwa kwamba asilimia 61 walipasuliwa uvimbe ukatoka bila masalio kingoni. Matokeo ya kutia moyo, naam. Ila hapakuwa na kundi la kulinganishwa nalo, hivyo fungu la losartani katika ushindi huo halikubainika.

Kadhalika daftari za hospitali, zinapopekuliwa kuona kama waliomeza dawa hizi waliishi zaidi, huweza kuhadaa. Aliyemeza dawa ya moyo miaka kumi baada ya kupatikana na saratani ni yule aliyejaliwa kuishi miaka hiyo kumi, na asiyeangalia atadhani kidonge ndicho kilichomrefushia umri. Wala usalama wa dawa haufuati kila mwili: propranololi yaweza kumbana pumzi mwenye pumu, na kidonge cha kuteremsha shinikizo chaweza kumwangusha mgonjwa aliyekwisha kudhoofishwa na kutapika, kwa hiyo asiongezewe ila na tabibu wake.

Kinachobaki ni majaribio makubwa, ambayo gharama yake ni mamilioni. Na maadamu hataza za dawa hizi zimekwisha muda, kiwanda kitakachoyagharimia majaribio hayo kitamwona jirani akiuza kidonge kile kile kwa bei ya chini, ndiyo maana mzigo huo aghalabu huangukia vyuo vikuu, serikali na jumuiya za hisani.