Gauni la Kaskazi na Kigezo cha Karatasi

Msimu wa kaskazi unapoingia, na joto la pwani likashika kutoka Desemba hata Machi, hapana vazi limfaalo mwanamke kuliko gauni la pamba nyepesi, pana, lisilo bitana. Na kulishona nyumbani kwa kufuata kigezo cha karatasi ni kazi iliyo karibu na uwezo wa mtu wa kawaida kuliko wengi wanavyodhani. Wengi hushindwa, walakini cherehani haina lawama. Aghalabu gauni huharibikia juu ya meza, kabla uzi haujatungwa sindanoni, kwa kuwa mkataji hakuisoma karatasi yake.

Karatasi hiyo inastahili heshima. Ebenezer Butterick, fundi wa kushona wa Sterling katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ndiye aliyeanza mwaka 1863 kuuza vigezo vya karatasi nyembamba vilivyopangwa kwa saizi mbalimbali, hali zamani mwanamke alipata kigezo cha saizi moja na akaachiwa taabu ya kukadiria mwenyewe apanue wapi na apunguze wapi. Vile vya mwanzo havikuwa na maandishi. Vilitobolewa matundu, na maana ya kila tundu ilikuwa ya kukisia. Vya leo vimechapishwa, wala hapana mstari uliowekwa kwa pambo.

Saizi isichaguliwe kwa kukumbuka namba ya gauni la dukani, maana namba hizo mbili hazina ujamaa. Mtu apimwe kifua, kiuno na nyonga kwa futi ya utepe, kisha aitazame jedwali iliyo juu ya bahasha, na kwa gauni afuate kipimo cha kifua, kwa sababu mabega na kwapa ni vigumu kurekebisha, lakini kiuno na nyonga hurekebishika kwa wepesi. Aliye na nyonga pana kuliko kifua chake afuate mstari wa saizi ndogo juu, na kutoka kwapani ateremke kwa mzingo mpole mpaka mstari wa saizi kubwa. Kadhalika achunguze kama nafasi ya mshono imo. Vigezo vya bahasha vya Kimarekani kwa desturi huijumlisha, sentimita 1.5 kila ukingo. Jarida la Burda, lililoanzishwa Ujerumani na Aenne Burda mwaka 1950, limezoea kumwachia msomaji aiongeze mwenyewe. Gauni lenye mishono miwili ya ubavuni lina kingo nne, basi mwenye kusahau amejinyima sentimita 6, na gauni halifungi.

Kitambaa nacho kifuliwe, kikaushwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa. Pamba huvutwa kwa nguvu kiwandani, na inapolowa mara ya kwanza hurudi katika hali yake. Afadhali irudi ingali jora kuliko ikiwa gauni.

Sasa tumefika penye moyo wa jambo, nao ni ule mshale mrefu uliochorwa katikati ya kila kipande. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande, ziendazo sambamba na ukingo wa jora, na nyuzi za mshindio, zinazozikata. Mtande ulitandwa kwa kukazwa, kwa hiyo haunyumbuki ila kidogo sana. Mshindio hunyumbuka kuushinda. Na mshazari, yaani njia ya kukingama kati ya hizo mbili, hunyumbuka kuliko zote. Mshale huonyesha mtande upite wapi. Pima kutoka kila ncha ya mshale hadi ukingoni mwa kitambaa, na vipimo viwili visipolingana, sogeza karatasi mpaka vilingane, ndipo upige pini. Kuna watu hodari ambao huona udhia kupima namna hii, au huelekeza kipande upande ili waokoe robo mita ya nguo. Nami nasema bila kusita kwamba hapana hasara iliyo kubwa kuliko uwekevu huo, kwani gauni lililokatwa nje ya mtande, likisha kufuliwa mara mbili tatu, mshono wa ubavuni huhama na kuja mbele ya paja, wala hapana pasi wala sindano iwezayo kuurudisha. Kwa sababu hiyo hiyo shingo ya gauni, ambayo mzingo wake hukata mshazari, ipigwe mshono mmoja ukingoni mara tu inapokatwa, isije ikapanuka mikononi. Na ukitumia kitenge ambacho picha zake zinatazama upande mmoja, vipande vyote vielekee huko, na nguo ya ziada inunuliwe mapema.

Kama nguo yako ni ya thamani, jaribu kwanza kifua kwa marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho merikebu za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikikileta Unguja katika karne ya 19. Kishone kwa bandi ndefu, kivae, inua mikono, keti. Kinapobana, andika juu yake kwa penseli na uhamishie sahihisho kwenye karatasi.

Kushona kwenyewe hakuna mengi: mabega, shingo, ubavu, mikono, na pasi juu ya kila mshono kabla haujavukwa na mwingine. Upindo ndio utakao subira. Gauni lenye sketi pana litundikwe usiku kucha, maana sehemu zake zilizoangukia mshazari hurefuka kwa uzito wake lenyewe. Asubuhi livaliwe, na mtu mwingine apime kwa rula kutoka sakafuni, akizunguka na kutia alama kwa chaki pande zote, kisha lipunguzwe na kupindwa. Kigezo kilichosahihishwa kinakiliwe kwenye karatasi ngumu, kiandikwe jina la mvaaji na tarehe ya kupimwa kwake.