Sera Moja, Watu Mbalimbali

Leo tunauliza: serikali ikibadilisha utaratibu wa matibabu, je, mabadiliko hayo humgusa kila mtu kwa namna moja?

Tuanze na mfano wa hapa kwetu. Mnamo Desemba 1989, serikali ya Kenya iliwataka wagonjwa wachangie gharama za matibabu katika hospitali zake. Watafiti walihesabu wagonjwa katika kliniki moja ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi. Wanaume walipungua hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, na wanawake hadi asilimia 65. Ada iliposimamishwa mwaka wa 1990, wanaume walifika asilimia 64 tu, lakini wanawake walifika asilimia 122, yaani wengi kuliko hapo mwanzo. Huenda baadhi yao walikuwa wamekaa nyumbani na ugonjwa. Kama watafiti wangewahesabu wote pamoja, tofauti hii isingeonekana.

Sasa tuje mwaka wa 2013. Mwezi wa Juni, serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma, na pia ada za zahanati na vituo vya afya. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, mama wa mbali bado alihitaji nauli. Mama asiyeweza kutembea bado alihitaji kitanda cha kujifungulia anachoweza kukipanda. Mama kiziwi bado alihitaji muuguzi anayejua lugha ya ishara. Kuondoa ada hakukuondoa vizuizi hivi.

Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 27, inakataza ubaguzi, uwe wa wazi au wa kuzunguka, kwa misingi kama jinsia, ujauzito, umri au ulemavu. Ubaguzi wa kuzunguka ndio huu: sheria inasema "wote", lakini wengine hawaifikii.

Basi, msikilizaji, ukialikwa kwenye kikao cha wananchi kuhusu mpango wa afya, uliza maswali haya manne:

Kwanza, nani atashindwa kuutumia mpango huu, na kwa sababu gani?

Pili, je, wahusika wenyewe wameulizwa: wazee, wenye ulemavu, vijana, wafugaji wanaohamahama?

Tatu, hesabu ya wagonjwa itatenganishwa kwa jinsia, umri na ulemavu?

Nne, ikionekana kuna walioachwa nje, nani atarekebisha, na lini?

Maswali haya yaulizwe kabla ya mpango kupitishwa, kisha yaulizwe tena baada ya mwaka mmoja. Kumbuka, mgonjwa asiyefika kituoni haandikwi kwenye daftari. Usipomuulizia wewe jirani yake, huenda asijulikane kabisa.