Ufa Utapita Wapi?

Usiku wa tarehe 16 Agosti 2012, ardhi ilitikisika kijijini Huizinge, mkoani Groningen, kaskazini mwa Uholanzi. Tetemeko lilikuwa la kipimo cha 3.6 tu, lakini lilianzia kina kifupi, kilomita 3 hivi, kwenye miamba iliyokuwa ikivunwa gesi asilia tangu 1963. Gesi ilipotoka, mwamba ulishindiliwa, na mipasuko ya kale ndani yake ikateleza. Madai ya wenye nyumba yakamiminika, na swali likawa moja: ufa huu umeletwa na tetemeko, au ulikuwepo?

Nyumba nyingi za huko ni za matofali ya kuchoma. Tofali lenyewe ni gumu. Udhaifu uko kwenye mota, yaani udongo wa saruji au chokaa unaounganisha matofali. Ndiyo maana ufa hupanda kama ngazi, ukifuata viungo, kiungo cha wima kisha cha ulalo. Mara nyingi huanzia konani mwa dirisha, kwa kuwa mzigo unaoshuka hulizunguka tundu na nguvu kurundikana pale.

Mwaka 1997, wahandisi Paulo Lourenço, Mreno, na Jan Rots, aliyefanya kazi mjini Delft, Uholanzi, walichapisha modeli ya kompyuta iliyojengwa juu ya udhaifu huo. Kiungo hushindwa kwa njia tatu: huachana kikivutwa, huteleza kikisukumwa kando, hupondeka kikigandamizwa. Programu huongeza mzigo kidogo kidogo na kukagua kila kiungo, ikitafuta kitakachotangulia kushindwa.

Shida ni kwamba ukuta hupasuka ghafla, na hesabu hukwama papo hapo. Rots na wenzake wakabuni njia nyingine: programu hulegeza sehemu moja tu, ile iliyoelemewa kuliko zote, kisha hesabu huanza upya. Hurudia hivyo mara nyingi, na ufa hujichora hatua kwa hatua.

Lakini modeli haiaminiwi bila ukuta halisi. Katika maabara ya Delft, kuta zenye ukubwa wa kawaida hupakwa rangi nyeupe na kunyunyiziwa madoa meusi. Kamera hufuatilia madoa hayo ukuta ukisukumwa huku na huku, na ufa wa milimita 0.1, ambao jicho huhangaika kuuona, huonekana wazi. Mchoro wake hulinganishwa na ule wa kompyuta.

Chanzo nacho huacha alama yake. Msingi ukididimia katikati, ufa huwa mpana chini. Zikididimia ncha za nyumba, hupanuka juu. Mtikisiko huvuta ukuta pande zote mbili, na nyufa zikapishana mithili ya herufi X.

Hata hivyo, mota hutofautiana uimara ndani ya ukuta mmoja. Kwa hiyo wahandisi huendesha modeli mara nyingi, wakibadilisha vipimo, na jibu hutoka kama uwezekano, si mstari mmoja. Na nani abebe shaka hiyo? Mwishoni mwa 2016, sheria ya Uholanzi iligeuza mzigo wa ushahidi: uharibifu wa aina inayoweza kuletwa na uchimbaji wa gesi katika eneo la gesi la Groningen huchukuliwa kuwa umesababishwa na uchimbaji, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Anayepinga ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba ufa huo una chanzo kingine.