UDONGO MGUMU HUSUKUMA KWA UBAVU
Tudai mbao kabla ya kushuka mtaroni



Nyapara mmoja alipiga ukuta wa mtaro kwa sururu, sururu ikadunda. Akatuambia, "Huu ni mwamba, mbao za nini?" Tukashuka. Siku ya tatu ukuta ukaanguka. Mwenzetu alifukiwa hadi kifuani, tukamfukua kwa mikono. Alipona, lakini mbavu zilivunjika. Meta moja ya ujazo ya udongo huwa na uzito wa tani moja na nusu hadi mbili.

Tukawauliza mainjinia: udongo mgumu hivyo huangukaje?

Walitueleza kwamba udongo wa mfinyanzi mgumu mara nyingi ulibanwa zamani na tabaka nene. Tabaka hizo zikamomonyoka, mzigo wa juu ukapungua, lakini mbano wa ubavuni ukabaki. Mwaka 1961 Profesa Skempton alionyesha kwamba kule Bradwell, Uingereza, karibu na uso wa ardhi, mbano wa ubavuni ulizidi mara mbili ya mzigo wa juu. Ukichimba mtaro, unaufungua mbano huo. Udongo hutanuka, nyufa hufunguka, maji huingia, ukuta hulegea. Ndiyo sababu husimama leo na kuanguka keshokutwa.

Njia za kuupima mbano huo ziko kadhaa, wala hazilingani.

Kwanza ni mpira wa Ménard, Mfaransa, tangu miaka ya 1950. Hutobolewa shimo, mpira huingizwa na kujazwa. Hufaa kupima nguvu ya udongo, lakini shimo limekwisha kuulegeza kabla ya kupima.

Pili ni chombo kinachojichimbia chenyewe, kilichotengenezwa Ufaransa na Uingereza miaka ya 1970. Udongo haupati nafasi ya kulegea, hivyo jibu lake huaminiwa zaidi. Lakini ni ghali, kinataka fundi hodari, na mawe hukiharibu.

Tatu ni bamba la chuma la Marchetti, Mwitaliano, lililoenea tangu 1980. Husukumwa ardhini na kupima upesi kwa gharama ndogo. Lakini lenyewe huusukuma udongo, na jibu hupatikana kwa kulinganisha na udongo uliopimwa kwingine. Penye nyufa nyingi tahadhari inatakiwa.

Nne ni sepeto la kupimia, linaloachwa ardhini siku nyingi mpaka litulie. Katika udongo mgumu huelekea kuonyesha mbano mkubwa kuliko uliopo.

Basi ndugu, ikiwa wataalamu wenye vyombo hulinganisha njia mbili tatu kabla ya kuamini, nyapara mwenye sururu anajuaje? Sururu hupima ugumu. Haipimi mbano.

Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unataka wachimbaji wakingwe dhidi ya kuporomoka kwa udongo. Kwa hiyo tudai:

1. Mbao na mihimili ya kuzuia kuta iwekwe kabla mtu hajashuka.
2. Udongo uliochimbwa usirundikwe ukingoni.
3. Kuta zikaguliwe kila asubuhi na baada ya kila mvua.
4. Ngazi iwe karibu na wachimbaji.

Mtu mmoja akikataa kushuka, atafukuzwa. Tukikataa sote, mbao zitaletwa. Umoja ni nguvu.