Mfokaji na Mwimbaji: Suala la Usaliti wa Sanaa katika Muziki wa Pwani

Utangulizi

Miongoni mwa wapenzi wa muziki wa kufokafoka kuna shutuma ambayo husikika kila mfokaji anapotoa wimbo pamoja na mwimbaji wa nyimbo zipendwazo na wengi. Husemwa kwamba ameiuza sanaa yake. Naye hujibu kwamba sanaa isiyosikiwa ni kama sanaa isiyokuwapo, na kwamba msanii naye hula. Shabaha ya makala haya ni kulipima suala hilo kwa kipimo cha lugha, kwa kutumia mifano iliyotoka zaidi katika pwani ya Malindi na Kilifi. Pwani hiyo yafaa kwa kazi hii kwa sababu neno la mtunzi lilikuwa limekwisha kuingia sokoni mara nyingi kabla ya kufokafoka kufika Kenya. Hoja inayotetewa ni kwamba ushirikiano peke yake haumfanyi mtu kuwa msaliti. La kutazamwa ni neno limetungwa kwa ajili ya nani, na limeachiwa nafasi gani.

Msingi wa Shutuma

Kufokafoka ni sanaa ya neno kabla ya kuwa sanaa ya sauti. Mfokaji husema kwa kufuata mapigo, akapanga vina na kujenga hoja. Kwa mazoea, wimbo wa aina hii huwa na beti tatu, kila mmoja wenye mistari 16, yaani mistari 48 kwa jumla. Mwimbaji anapoingia, kiitikio huwa chake, na aghalabu hupewa na sehemu ya beti pia. Mfokaji huenda akabakiwa na mistari 16, pengine 8. Kwa hiyo shutuma hiyo, hata inapotolewa kwa hasira, haikosi msingi: hoja iliyohitaji mistari 48 haiwezi kuingia katika 16 pasipo kupoteza kitu.

Tena shutuma hiyo ilipata nguvu kutokana na waliotangulia. Kalamashaka wa Dandora, Nairobi, waliojulikana kwa wimbo wao "Tafsiri Hii" wa mwaka 1997, na Ukoo Flani wa Mombasa, walioungana na wenzao wa Dandora wakawa Ukoo Flani Mau Mau, waliifanya sanaa hii kuwa sauti ya wanyonge. Jina la santuri ya mwaka 2004 ambayo kundi hilo lilishiriki, yaani "Kilio cha Haki", latosha kueleza kazi waliyojipa. Aliyezoea kilio hicho akisikia wimbo wa mapenzi wenye kiitikio kitamu, huona kwamba mkataba umevunjwa.

Juma Bhalo na Lahani ya Kigeni

Ugomvi wa namna hii si mgeni Pwani. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa Malindi mwaka 1942 na kufariki mwaka 2014, alijipatia sifa kubwa katika taarabu kwa kuimba kwa lahani za filamu za Kihindi. Hizo ndizo zilizokuwa nyimbo za soko za wakati huo, zilizosikika katika majumba ya sinema na redioni. Wapo walioona kwamba taarabu ya aina hiyo imeacha asili yake. Lakini maneno mengi aliyoyaimba yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, mshairi wa "Malenga wa Mvita", diwani iliyochapishwa mwaka 1971. Mtunzi anayeandika kwa lahani iliyokwisha kuwapo hulazimika kuipima mishororo upya, na pengine kuiacha mizani ya nane kwa nane. Pamoja na hayo, vina vilibaki, jazanda zilibaki, na Kimvita kilibaki. Lahani ilikopwa, lakini neno halikukopwa. Wasikilizaji waliovutwa na lahani walijikuta wakifumbua mafumbo ya mshairi. Katika mfano huu, soko ndilo lililoutumikia ushairi.

Them Mushrooms: Bendi Moja, Njia Mbili

Mfano wa pili ni wa Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa ukoo wa Harrison kutoka Kaloleni, Kilifi. Wimbo wao "Jambo Bwana", uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison, ulienea duniani, na kundi la Boney M likatoa toleo lake mwaka 1983. Lugha ya wimbo huo ni ya kumlaki mtalii. Mpwani akimwamkia mwenziwe husema "hujambo", naye hujibiwa "sijambo". Viambishi hivyo ndivyo vinavyoonyesha nani anaulizwa na nani anajibu. "Jambo" tupu ni salamu aliyorahisishiwa mgeni. Urahisishaji huo haukuletwa na mwimbaji mwingine yeyote. Uliletwa na msikilizaji aliyekusudiwa.

Bendi hiyohiyo, katika miaka ya 1990, ilishirikiana na Fundi Konde, mkongwe wa gitaa aliyezaliwa mwaka 1924 katika pwani hiyohiyo ya Kilifi, na kuzirudisha nyimbo zake masikioni mwa kizazi ambacho hakikuwa kimezijua. Hapa ushirikiano uliiokoa lugha ya zamani isisahauliwe. Basi ikiwa bendi iliweza kuirahisisha lugha ilipokuwa peke yake, na kuihifadhi iliposhirikiana, ni dhahiri kwamba ushirikiano sio sababu ya kupungua kwa neno.

Mfokaji wa Leo

Hata hivyo, hatari ipo. Mwaka 2017 Fid Q, mfokaji wa Mwanza anayeheshimiwa kwa uzito wa mistari yake, alitoa toleo la pili la wimbo wake "Fresh" pamoja na Diamond Platnumz na Rayvanny, waimbaji mashuhuri wa Bongo Fleva. Mjadala mkubwa uliofuata ulihusu maneno ya Diamond, yaliyochukuliwa na wengi kuwa kijembe kwa Ali Kiba. Hakuna awezaye kusema kwa haki kwamba Fid Q alidhoofisha utunzi wake. Lakini mwenye wimbo aligeuka kuwa mwenyeji wa ugomvi wa watu wengine. Neno linaweza kubaki zima na bado likakosa wa kulisikiliza.

Kwa mfokaji wa Malindi au Kilifi hatari hiyo ni maradufu. Akiwa peke yake aweza kuchanganya Kigiriama na Kiswahili cha kwao, naye akaeleweka na aliowakusudia. Akishirikiana na mwimbaji wa Nairobi au Dar es Salaam, lahaja ndiyo itakayotakiwa kutolewa kwanza, kwa hoja kwamba wasikilizaji wa huko hawataielewa. Kuipunguza mistari ni hasara ya wimbo mmoja. Kuiacha lahaja kila mara ni hasara ya jamii nzima ya wasemaji.

Hitimisho

Kutokana na mifano hii, mchunguzi wa lugha hapaswi kuuliza mfokaji ameimba na nani. Maswali yafaayo ni matatu. Je, maneno aliyoyasema ameyatunga kwa kipimo chake mwenyewe? Je, nafasi aliyobakiwa nayo yatosha kuikamilisha hoja? Je, lahaja yake imo? Akipata jibu la ndiyo kwa yote matatu, mfokaji huyo amefanya alivyofanya Ahmad Nassir: ameipanda lahani ya watu ili neno lake lifike mbali. Akikosa yote, ameuza, hata kama amefoka peke yake bila ya mwimbaji.

Kwa walimu wa fasihi jambo hili lina umuhimu wa kazi. Nyimbo za ushirikiano zikitupwa nje ya mikusanyo kwa kuwa ni "za soko", sehemu kubwa ya utunzi wa vijana wa Pwani itapotea bila kuandikwa. Inafaa matoleo yote yakusanywe, ya peke yake na ya pamoja, kisha yalinganishwe mstari kwa mstari. Hapo ndipo shutuma ya usaliti itakapothibitishwa au kukanushwa kwa ushahidi.