Magari ya kale ya kasi: bei imo kwenye historia

Mwezi Agosti 2018, Ferrari 250 GTO moja iliuzwa mnadani huko Monterey, California, kwa zaidi ya dola milioni 48 za Marekani. Magari ya aina hiyo yalitengenezwa 36 tu, kati ya mwaka 1962 na 1964. Fundi hodari anaweza kuunda bodi inayofanana nayo kabisa, na bado asipate hata sehemu ndogo ya bei hiyo. Kinacholipiwa hapo ni uhakika kwamba gari ni lile lile lililotoka kiwandani.

Kazi ya kuutafuta uhakika huo hufanywa na wapenzi wa magari, ambao hutumia miaka wakilinganisha namba za chesisi na injini, madaftari ya kiwanda, picha za mashindano na hati za usajili.

Chukua Lamborghini Miura ya rangi ya machungwa inayoonekana mwanzoni mwa filamu ya The Italian Job ya mwaka 1969, ikipita kwa kasi katika milima ya Alps kabla ya kutupwa korongoni. Kwa kweli magari yalikuwa mawili. Lililotupwa lilikuwa limekwisha kuharibika kwa ajali. Lililoendeshwa lilikuwa jipya, na baada ya kazi hiyo lilipelekwa kwa mnunuzi wake mjini Rome. Watu walilitafuta miaka mingi bila mafanikio.

Ushahidi ulikuwa kwenye viti. Gari hilo lilikuwa na viti vya ngozi nyeupe. Kiwanda, kwa kuhofia visije vikaharibika, kiliviondoa na kuweka vyeusi. Viegemeo vya kichwa havikuweza kung'olewa, vikabaki vyeupe, na mwenye macho makali huviona kwenye filamu. Polo Storico, idara ya magari ya kale ya Lamborghini, ilipekua kumbukumbu na kupokea maelezo ya Enzo Moruzzi, dereva wa majaribio aliyelipeleka gari hilo kwa wapiga filamu. Mwaka 2019 ikathibitisha kuwa ni chesisi namba 3586, mali ya mkusanyaji wa Liechtenstein aliyelinunua mwaka uliotangulia.

Wengine huishia mahakamani. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Uingereza ilisikiliza kesi ya Bentley iitwayo Old Number One, iliyoshinda mbio za Le Mans mwaka 1929 na 1930. Mnunuzi alikuwa amekubali bei ya pauni milioni 10, kisha akakataa kulipa akidai kuwa gari si halisi. Jaji alikiri kwamba vipuri vilivyobaki vya mwaka 1929 vilikuwa vichache mno. Hata hivyo, aliona kuwa gari lilibadilishwa hatua kwa hatua bila historia yake kukatika, hivyo lina haki ya jina lake. Muuzaji akashinda.