Mpingo, Abunusi na Fimbo ya Biliadi

Makala haya yanahusu kitu kidogo: fimbo ya kuchezea biliadi, hasa ile inayotengenezwa kwa mkono, pamoja na miti inayotumiwa kuitengenezea. Huenda msomaji akauliza kwa nini watu wa istilahi wajishughulishe na vyombo vya mchezo. Jibu letu ni kwamba fimbo hiyo, yenye urefu wa sentimeta 147 hivi na uzito usiofika kilo moja, huweza kukusanya miti ya mabara mbalimbali. Kila mti una jina lake, na jina likikosewa katika hati ya serikali, kosa hilo lina gharama. Hivi karibuni tuliletewa tafsiri ya orodha ya shehena ambamo neno mpingo lilitumika mara tatu, kwa miti mitatu tofauti. Mfasiri hakuwa mzembe, alifuata mazoea. Mazoea hayo ndiyo tunayotaka kuyachunguza.

Tuanze na jina la chombo chenyewe. Neno lake la Kiingereza linatokana na neno la Kifaransa lenye maana ya mkia. Hapo zamani wachezaji walisukuma tufe kwa chombo chenye kichwa kipana. Tufe lilipokaa karibu na ukingo wa meza, kichwa hicho hakikupata nafasi, nao wakakigeuza chombo na kutumia mkia wake. Hatimaye kichwa kikaachwa, mkia ukabaki. Mitaani tunasikia wachezaji wakisema kyu, na hatuna ugomvi nao. Lakini asiyeujua mchezo hapati maana yoyote katika neno hilo. Kwa hati rasmi na vitabu vya shule tunapendekeza fimbo ya biliadi, litumike kwa michezo yote ya jamii hii, ikiwa ni pamoja na snuka na puli.

Sehemu za fimbo nazo zahitaji majina. Mwanzoni kabisa pana ncha, nayo ni kidonge cha ngozi. Ncha ya aina hii ilienezwa na Mfaransa François Mingaud mwanzoni mwa karne ya 19, na ndiyo iliyomwezesha mchezaji kulizungusha tufe apendavyo. Nyuma ya ncha pana pete inayouzuia mti usipasuke kwa mapigo. Wengine wamelitohoa jina lake la kigeni, kana kwamba Kiswahili hakina lake. Lakini tunalo neno noleo, yaani pete ya chuma inayofungwa kwenye mpini wa kisu ili mpini usipasuke. Noleo la fimbo ya snuka aghalabu ni la shaba. La fimbo ya puli lilikuwa la pembe ya ndovu, na siku hizi huwa la plastiki. Madini yamebadilika, kazi ni ile ile. Na istilahi hufuata kazi.

Sehemu nyembamba tunaiita ufito, na sehemu nene tunaiita kitako. Kitako cha fimbo bora aghalabu hakitokani na mti mmoja. Fundi huuchonga mti mzito mweusi na mti mwepesi mweupe kwa pembe ndefu zilizochongoka, kisha huzipandanisha na kuzigandisha kwa gundi, kama vidole vya mikono miwili vilivyofumbatana. Pembe hizo si urembo tu. Mti mzito huuweka uzito nyuma, karibu na mkono wa mchezaji, na urefu wa maungio huipa gundi nafasi kubwa ya kushika. Maseremala wetu huita ulimi ile sehemu ya ubao inayoingia katika tundu la ubao wa pili. Kwa hiyo tumeona ndimi litoshe kwa pembe hizi.

Kazi yenyewe hufanyika kwa kukereza. Kitenzi hiki ni cha zamani katika lugha yetu, na mashine yake ni kerezo. Hakuna haja ya kusema "mashine ya kuzungushia mti". Fundi hukereza ufito mara nyingi, kila mara akiondoa unene kidogo, kisha huuacha kwa muda mrefu ili mti utulie. Mti uliokerezwa kwa pupa hupinda. George Balabushka, aliyezaliwa Urusi mwaka 1912 na kuhamia Marekani, alikuwa seremala kabla ya kuanza kutengeneza fimbo mwaka 1959. Fimbo zake za mwanzo alizikereza upya kutoka fimbo za kiwandani zilizokwisha kuungwa kwa ndimi. Alifariki mwaka 1975, na hadi leo wakusanyaji huzitafuta fimbo zake.

Sasa tuje kwenye miti. Ufito wa fimbo ya puli kwa kawaida ni wa mepoli (Acer saccharum) wa Amerika ya Kaskazini, mti mgumu wenye nyuzi laini zilizonyooka. Ufito wa snuka aghalabu ni wa eshi (Fraxinus), ambao nyuzi zake hujitokeza kama vichwa vya mishale. Miti hii si ya kwetu, hivyo kutohoa ni halali, mradi jina la kisayansi liandikwe mara ya kwanza.

Shida iko kwenye kitako. Mti mweusi unaotumiwa hapo huweza kuwa abunusi, yaani miti ya jenasi Diospyros, jamaa wa matunda ya persimoni. Au mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon, ambao ni wa jamii ya kunde. Yote miwili ni meusi, yote ni mizito, na mpingo huzama majini. Katika usemi wa kawaida majina haya hubadilishana bila mtu kujali. Tena kosa hili lina umri mkubwa: neno abunusi limetufikia kutoka Kiarabu, na asili yake ya mbali ni Misri ya kale, ambako mti mweusi ulioitwa kwa jina hilo aghalabu ulikuwa mpingo. Mtu aweza basi kudai kwamba mpingo ndio mwenye haki ya jina. Hoja hiyo ni ya kweli kihistoria. Lakini istilahi haiulizi neno lilianzia wapi tu, bali huuliza pia litazuia kosa gani leo.

Na kosa la leo ni hili. Tangu tarehe 2 Januari 2017 jenasi yote ya Dalbergia imo katika orodha za Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Mpingo umo katika Kiambatisho cha Pili, na magogo na mbao zake huhitaji kibali cha kusafirishwa nje. Mwaka 2019 vilisamehewa vitu vilivyokwisha kutengenezwa, mradi mti wa aina hizo usizidi kilo 10 katika shehena moja. Kwa hiyo fimbo iliyokamilika hupita, lakini vipande ghafi vya kuikerezea havipiti bila kibali. Rozudi ya Brazil (Dalbergia nigra), inayopendwa katika fimbo za zamani, iko katika Kiambatisho cha Kwanza tangu mwaka 1992, na msamaha huo hauihusu. Kwa upande wa abunusi, miti iliyoorodheshwa mwaka 2013 ni ile ya Madagaska. Afisa anayesoma "mpingo" mara tatu hawezi kujua ni sheria ipi aitumie. Ama atazuia mali halali ya fundi, ama ataachia mali haramu.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo:

Fimbo ya biliadi: fimbo ya kupigia tufe katika biliadi, snuka na puli.
Ncha: kidonge cha ngozi kinachogusa tufe.
Noleo: pete inayozuia ufito usipasuke nyuma ya ncha.
Ufito: sehemu nyembamba ya fimbo.
Kitako: sehemu nene ya fimbo.
Ndimi: pembe ndefu zinazounganisha miti miwili.
Kipande ghafi: mti uliokatwa kwa ajili ya kukerezwa.
Mpingo: Dalbergia melanoxylon peke yake.
Abunusi: mti mweusi wa jenasi Diospyros.
Rozudi: miti mingine ya jenasi Dalbergia, pamoja na kutaja nchi yake. Isiitwe mti wa waridi, kwani haina undugu na waridi. Jina la kigeni limetokana na harufu yake.

Walimu wa useremala na mafundi wenyewe huenda wana maneno bora kuliko haya, hasa kwa ndimi na kipande ghafi. Tunawaomba watuletee. Neno lililokwisha kuzoeleka karakanani lina haki ya kwanza kuliko neno lililobuniwa mezani.